Nyuzi za Mkononi: Maneno Yetu Kabla Mkoba Haujafunguliwa

Mgeni rasmi, Daktari Wilfred, shikamoo. Wazee wa mtaa, ndugu yetu Pastory mkalimani, na akina baba mliosimama dirishani mkijifanya mnapita, salaam kwenu nyote.

Sisi ni akina mama tisa wa Ujiji, Mwanga na Simbo, tuliopimwa matiti na tunaosubiri majibu. Anayesoma ni Hidaya, mfuaji mstaafu wa nyumba ya wageni ya reli, ambaye kusoma alijifunza kwenye magazeti ya kufungia sabuni.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa furaha, ila tungependa huo mkoba mweusi ubaki chini ya kiti chako kwanza. Tumesikia majibu yetu yamo humo. Tutasoma polepole, utusamehe. Sababu utaiona.

TULIKOTOKA

Tangu wenzetu waanze kuvuka ziwa kukimbia vita vya Burundi na Zaire, mji huu umekuwa na mahema mengi kuliko nyumba. Nilitaka kuandika kwamba siku moja watu walijaa ufukweni hadi ziwa likarudi nyuma kuwapisha, lakini wenzangu wamenikataza. Wamesema Daktari ataona tunaumwa na kichwa pia. Basi walikuwa wengi tu.

Kwenye hema moja alikuja daktari mama kutoka nje, akawa anawapima matiti wanawake waliovuka. Akasema na wenyeji waje. Tukaenda. Sisi tisa tukakutwa na kivimbe. Akatuchoma sindano, akavuta kidogo, akatia kwenye vichupa vya kwenda Dar es Salaam. Pastory akatutafsiria kwamba vivimbe vingi vya matiti si saratani, lakini lazima kila kimoja kijulikane. Neno "vingi" tulilisahau kabla ya kufika mlangoni. Lile jingine tukaenda nalo nyumbani.

Kwa kuwa majina yetu hemani yalikuwa yakiandikwa kila mara kivingine, kila kichupa kilifungwa uzi wa rangi yake, na mwenye kichupa akafungwa uzi wa rangi hiyo hiyo mkononi. Tukaambiwa tusivue mpaka majibu yarudi. Halafu hema likang'olewa, likahamia kambini njia ya Kasulu. Tukabaki na nyuzi.

TULIYOYAWEZA

Mgeni rasmi, hatukukaa bure. Kila Alhamisi tunakutana uani kwa Hasna, fundi cherehani wa Mwanga. Kazi ya kwanza ni kuzuiana kujibonyeza. Maana asubuhi unabonyeza, kimekua. Mchana kimepungua. Jioni unabonyeza upande wa pili upate kulinganisha, na upande wa pili nao unakutia mashaka.

Hasna alishona shati la mteja mikono yote kushoto. Skolastika alitia chumvi kwenye chai ya wakwe, wakanywa kwa adabu wakaomba nyingine. Mimi nilifua shuka moja mpaka ikageuka chandarua, na mbu ni mashahidi. Tukaweka sheria: anayetaka kulia alie, lakini mikono ichambue dagaa. Majirani wanaleta dagaa wao siku hizi.

YANAYOTUTATIZA

Hatukuelewa kitu. Huyu kasikia kivimbe kinachouma ndicho kizuri. Yule kasikia kizuri ni kisichouma. Changu huuma nikiulizwa tu. Ndipo tukaanza kuzitazama nyuzi. Mwekundu, tukasema, ni hatari. Kijani ni salama. Hakuna aliyetuambia. Tulijiambia wenyewe, na tukaamini.

Mwekundu alikuwa nao Shadya, mdogo wetu, mwenye mtoto anayenyonya. Akaacha kula, maziwa yakapungua. Alhamisi moja Mama Rozalia wa Simbo, mkubwa wetu, akavua wake wa kijani.

"Lete mkono, mwana wanje, mwanangu."

"Mama, walisema tusivue."

"Walisema pia watarudi upesi. Lete mkono. Mimi nimezaa, nimezika, ngoma zote za Simbo nimezicheza. Nyekundu inanipendeza."

"Na kama ni kweli?"

"Basi imkute mtu mzima."

Sisi wanawake wa hapa, doti moja ya kanga hugawana mashoga wawili, kila mmoja kipande chake. Kwa hiyo hatukuona ajabu. Jioni ile Shadya alikula ugali na migebuka ya ziwani, mtoto akashiba. Tukaona dawa imepatikana! Na sisi tukaanza: aliyeogopa akapewa, mwenye moyo akapokea, wiki iliyofuata wakabadilishana tena.

Juzi Pastory akapita uani. Tukamuuliza, kama watu wasio na shida, nyekundu maana yake nini.

"Haina maana, mama zangu," akacheka. "Nyuzi nilinunua mimi hapo Mwanga, rangi zilizokuwapo. Ni za kumjua mtu na kichupa chake tu."

Alicheka peke yake. Kisha akatazama mikono yetu, akaanza kuuliza nani alifungwa rangi gani hemani.

Sasa, Daktari, humo mkobani mna jibu la uzi mwekundu. Tunadhani ni la Shadya. Lakini Mama Rozalia anaapa uzi ule ni wake tangu hemani, Shadya analia arudishiwe, na sisi tulioshuhudia kwa macho yetu tumeanza kujitilia shaka. Za wengine ndiyo usiulize.

MAOMBI

Tunaomba usisome rangi. Tupime upya wote, kwa majina, yaandikwe na mtu wa Ujiji. Sindano tumeikubali.

Tunaomba tuambiwe majibu yatarudi lini, na tumfuate nani yasiporudi.

Tunaomba mwenye jibu baya asiambiwe akiwa peke yake, na matibabu yake yasingoje hema lingine.

Mwisho, tazama mstari wa mbele. Utaona wawili kwenye kiti kimoja, mkubwa kaficha mkono ndani ya kanga, mdogo anauvuta. Usihangaike kuwatenganisha, sisi tumeshindwa tangu asubuhi. Anza na kiti hicho.

Mungu akujalie mkono mwepesi na maneno ya taratibu. Mkoba uache hapo hapo chini.

Ni sisi,
Akina Mama wa Alhamisi, Ujiji