Dawa Iliyokuwa Ikiniwasha Macho

Bwana asifiwe, wapendwa. Naona mmeitikia huku mmenikazia macho. Haya, yaangalieni vizuri, ni meupe. Mwaka jana nilikuwa nasimama hapahapa na kwaya, na wageni walikuwa wakinipa pole ya msiba.

Mimi ni Mama Neema. Wengi mnanijua kwa sababu vichwa vyenu vimepita mikononi mwangu, pale saluni Peckham, jirani na duka la samaki wakavu. Kusuka ndiko kulikonilisha tangu nilipofika London, na ndiko kumemsomesha Neema. Kwa hiyo, ndugu zangu, nikisema Mungu ameniponya macho, jueni ameuokoa na mkate wangu.

Shida ilianza kimya kimya. Nilikwenda kupima miwani tu, wakaniambia nina presha ya macho. Wakanieleza kwamba presha hiyo inakula mshipa wa nyuma ya jicho polepole, na kile ulichokwisha kupoteza hakirudi. Nikapewa matone ya kutia kila siku, maisha yangu yote. Nikayapokea kwa shukrani.

Lakini yale matone yalikuwa yanawasha jamani! Kama umepikicha jicho kwa mkono uliokata pilipili. Sasa mimi nimelelewa Singida, na mama yangu alikuwa akitupaka spiriti kwenye kidonda huku ametubana kwa magoti, anasema, "Ikiwasha ndiyo inaponya." Tumekua hivyo. Dawa isiyochoma tunaiita maji. Basi kila nikitia, jicho likiungua, nasema asante Yesu, dawa inafanya kazi. Neema, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, aliwahi kuniuliza kama kweli dawa inatakiwa imtoe mtu machozi namna ile. Nikamwambia watoto wa huku mmezoea dawa zenye ladha ya matunda.

Miezi ikapita. Macho yakawa mekundu, asubuhi naamka kama nimelalia mchanga. Nikafanya kama tunavyofanya sisi, nikauliza akina mama wenzangu. Kila mama ana kichupa chake kwenye mkoba, na hakuna anayekunyima. Huyu akanipa matone ya kulainisha, yule ya kuondoa wekundu, mwingine ya mzio, yaliyotoka nyumbani. Nikawa natia yote, na yakiwasha zaidi nafurahi zaidi. Huku kwenye kwaya machozi yananitiririka mpaka kwenye ukosi wa joho. Mgeni mmoja akanijia kuniambia amebarikiwa sana na upako wangu. Nikasema amina. Ningesema nini?

Kisha nikaanza kuona ukungu, na mwanga wa taa ukawa unanichoma. Siku moja nilikuwa namsuka Dada Zawadi, yule Mkongo wetu, anakwenda harusini. Nikamgawa njia kichwani, nikasuka, nikamaliza, nikampa kioo. Akajitazama kitambo, halafu akasema kwa upole, "Mama Neema, hii njia inaenda kwa harusi. Na ile ingine inaenda wapi?"

Saluni nzima ikacheka, nami nikacheka. Nilimfumua, nikamwachia mwenzangu amsuke upya. Jioni ile mwenye saluni akaniomba nikae upande wa kuosha vichwa kwanza, mpaka macho yatulie. Ndugu zangu, msusi kutolewa kwenye kiti chake ni aibu. Nililia, na safari hiyo sikuwa nimetia tone lolote.

Dada Tabitha aliponiona ninavyoteseka aliniambia kwa upendo, "Mama Neema, hizo dawa ndizo zinakufunga. Ziache, umwamini Mungu." Yuko pale, anaficha uso, lakini mimi sina kinyongo naye. Alinipa alichokuwa nacho. Nikaziacha zote siku ileile. Na wapendwa, macho yakatulia! Wekundu ukapungua, mchanga ukatoka, nikalala usingizi wa mtoto. Nikamwendea Mchungaji, nikamwomba nafasi ya kushuhudia Jumapili. Na nguo nikaipiga pasi kabisa.

Wiki hiyohiyo, kabla Jumapili haijafika, akaja Bi Mwanaidi. Huyu ni mama wa Kizanzibari, Muislamu, mteja wangu wa miaka mingi. Kwa kuwa anajisitiri, humsuka nyuma ya pazia, na huko nyuma ya pazia hutoa maneno asiyoyasema mbele za watu. Jicho lake la kushoto halioni, na sikuwahi kumuuliza sababu. Hata nilipohamishiwa kwenye kuosha vichwa alikataa kusukwa na mwingine. "Nisuke wewe, hata kombo," alisema, "kwani nani atakiona kichwa changu?"

Nikamsimulia kwa furaha jinsi Mungu alivyoniponya bila dawa. Akaushika mkono wangu na chanuo ndani yake.

"Mwanangu, presha ya macho haiumi. Miye hili langu halikuniuma hata siku moja. Dawa zikinichoma, nikaziacha, nikaona raha. Raha ile ndiyo iliyonipofua." Kisha akasema, "Nenda hospitali wakupime kwanza. Wakikwambia kheri, mimi mwenyewe nitakuja huko kanisani kwenu, nikae nyuma, nikusikilize."

Nilikasirika, sitawaficha. Nikamalizia kumsuka, nikimvuta nywele kuliko ilivyohitajika. Mtu nimepona, yeye ananiletea hospitali! Lakini kwenye basi la kurudi nyumbani nilifumba jicho moja nikatazama barabara, nikafumba la pili nikatazama tena. Nikaogopa. Kesho yake asubuhi nilikuwa kliniki ya macho.

Presha ilikuwa imepanda vibaya. Daktari, msichana mpole wa umri wa Neema, alisema mshipa wangu ulikuwa bado salama, ila ningeendelea hivyo usingekuwa salama. Akaniuliza kwa nini niliacha dawa. Nikamweleza. Akaniuliza ninatia nini kingine. Nikaumimina mkoba wangu mezani, vichupa vikabingirika, kimoja ikabidi akiokote chini.

Akavisoma kimoja kimoja. Karibu vyote, akasema, vina dawa ya kuhifadhi, inayozuia vijidudu visiote ndani ya chupa ikishafunguliwa. Watu wengi haiwadhuru. Lakini kwa anayetia kila siku, chupa juu ya chupa, inaweza kuichubua konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Akanitia rangi ya manjano, akamulika kwa taa ya buluu, akanionyesha picha ya jicho langu. Lilikuwa na vidoadoa kila mahali, kama sufuria iliyosuguliwa kwa stilwaya ya kuoshea vyombo. Na hapo nilikuwa nimeshaanza kupata nafuu! Ndugu zangu, mimi nilikuwa nashukuru kwa kuwashwa, kumbe nilikuwa nachubuka.

Akanipa dawa ya presha ileile, ila kwenye vichupa vidogo vya plastiki ambavyo havina ile ya kuhifadhi. Unakata kimoja, unatia, unatupa. Nilipotia tone la kwanza nilikaa nikisubiri liwashe. Wapi! Nikamuuliza daktari kama ana hakika hii ni dawa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Jumapili ile nilimwomba Mchungaji radhi, nikakaa kwenye kiti changu. Ningesimama, ningeshuhudia upofu wangu na kuuita uponyaji. Mungu alinizuia, akatumia mdomo wa mama asiyesali nasi. Leo konea imepona, presha imeshuka, na nimerudi kwenye kiti changu cha kusukia. Wa kwanza kukaa alikuwa Dada Zawadi. Alijiangalia kwenye kioo, akasema sasa njia zote zinaenda kwa harusi.

Wewe unayeteseka na dawa, usivumilie kimya kama nilivyovumilia, na usiiache kimya kama nilivyoiacha. Rudi ulikopewa, useme inakuumiza. Vichupa vya kwenye mikoba yenu, akina mama, msinipe tena, na msipeane. Na mwamini Mungu, ndugu yangu, ila usimchagulie mlango wa kuingilia. Kwangu aliingia kwa nyuma ya pazia.

Zamani nikisimama hapa niliona taa na ukungu basi. Leo nawaona safu kwa safu. Namwona Neema wangu anapangusa machozi, ya kweli hayo. Naona mpaka kiti cha mwisho karibu na mlango, na aliyekaa pale na mtandio wa kijani, aliyetimiza ahadi yake.

Bi Mwanaidi, karibu. Nakuona.