Dakika Mbili za Lorraine

Kila Alhamisi mimi hupanda basi moja na Arvid na Lorraine, wazee wanaokwenda maktaba ya Duluth kwenye baraza lao la kubishana siasa za Marekani. Vyama vyao ni mbalimbali, lakini kiti ni kimoja. Wiki hii Arvid alikuwa ametoka hospitali juzi.

"Leo kwenye mjadala wa kodi nakubana hasa," Lorraine alianza.

"Asante, mama."

Nikaacha kusoma gazeti. Arvid hajawahi kumshukuru mtu wa chama cha Lorraine.

"Asante ya nini? Dawa bado hazijakutoka kichwani?"

"Ulikuja wodini na saa yako ya jikoni, ile unayotupimia nayo barazani, ukanipa dakika mbili nitetee chama changu."

"Nawe ukazimaliza kwa kukohoa."

"Wenzetu wa barazani walileta maua, wakakubali kila nililosema. Nikajua basi, nakufa. Wewe ukaniambia nasema upuuzi. Hapo nikajua nitapona."

Basi liliposimama maktaba, Lorraine alimshika Arvid mkono washuke.

"Lakini ulikuwa upuuzi kweli," nilimsikia akisema mlangoni.