Penalti ya Ndugu Wawili wa Zálesná

Mheshimiwa Meya wetu, ambaye sauti yako imebaki uwanjani ukimfundisha mwamuzi sheria za mchezo, Ndugu Mwenyekiti wa klabu yetu ya Zálesná, Ndugu Mkuu wa Zimamoto ya Kujitolea, watani wetu wa jadi kutoka kijiji jirani cha Dubnice, Mama Šimůnková, mzazi wa shujaa wetu wa leo, na wewe, Ndugu Bohdan, ambaye kwa ajili ya kukuaga kama mchezaji tumejazana katika baa hii hadi madirisha yanatoka jasho:

Mimi ni karani tu wa ofisi ya Meya. Hotuba hii ilikuwa yake, na kiti changu kilikuwa kule karibu na mlango. Nawasomea karatasi yake.

Ndugu zangu, nani hapa hajui njia aliyopita mtu huyu? Alianza kwa kupiga mpira kwenye mlango wa kituo cha zimamoto, kaka yake Zbyněk akiwa kipa, mpaka mbao zikapasuka na wote wawili wakapewa brashi na rangi. Wakaenda pamoja mjini Ostrava kujaribiwa na klabu kubwa, akachukuliwa mmoja. Bohdan akacheza ligi kuu, akaenda Ubelgiji, akavaa jezi ya taifa mara moja, dakika chache tu, mvua ikinyesha, na Mzee Kubát hapo kaunta anaapa hadi leo kwamba shuti alilopiga siku ile lilivuka mstari wa goli.

(Ndiyo, Mzee Kubát, nimesikia. Lilivuka.)

Na Zbyněk? Akaoa Dubnice, akawa fundi wa mapaa, akalinda lango la huko, ng'ambo ya msitu wetu.

Goti lilipomrudisha Bohdan nyumbani, je, hakustahili kupumzika? Alikuja kutuchezea sisi, katika ligi ambayo mshambuliaji anasikia watazamaji wakitafuna soseji. Kila Jumapili asubuhi wazee wetu walisimama nyuma ya lango tunalolishambulia, na wakati wa mapumziko wakavuka uwanja mzima, bia mkononi, kwenda nyuma ya lango la pili, ili wamwone Bohdan akifunga kwa karibu. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuvuka kamwe tulipocheza na Dubnice. Mama Šimůnková alisimama kwenye mstari wa katikati, kipindi cha kwanza na cha pili, asiwe upande wa mwana yeyote.

Mnajua pia desturi ya nyumba ile. Baada ya mechi ya watani, aliyefungwa hakwenda kula kwa mama. Mama hakugombana na mtu. Alipakua sahani mbili, moja akaifunika kwa kitambaa, na ikakaa mezani mpaka jioni.

Sasa nifike kwenye jambo la leo, ambalo halimo katika karatasi hii.

Kwetu, mchezaji anayetundika daluga hupewa penalti dakika za mwisho, na kipa wa wageni huangukia upande usio na mpira. Ni adabu. Tuliiamini adabu hiyo kiasi kwamba bilauri hii ya zawadi ilichongwa maandishi wiki iliyopita. Nawasomea: "Bohdan Šimůnek. Goli la mwisho, dhidi ya Dubnice."

Basi filimbi ikalia, matokeo yakiwa sare ya bao moja kwa moja. Nilikuwa nyuma ya lango na wazee, nikawasikia ndugu hawa wawili kwa masikio yangu.

"Kaka," Bohdan akasema akiweka mpira, "unaangukia wapi?"

"Penye mpira," akajibu Zbyněk. "Kwani goti lako limekuja leo, au limebaki Ubelgiji?"

"Limekuja. Lakini linaona aibu kucheza na mafundi wa mapaa."

"Piga, bwana wa televisheni, bata wa mama anaungua!"

Akapiga. Mliona wote: chini, kona ya kushoto, kwa nguvu. Na mliona Zbyněk akiruka kama mtu aliyeteleza paani, akautoa mpira kwa ncha za vidole, na sare ikabaki sare. Tulizomea na kumdai mwamuzi penalti irudiwe, mheshimiwa Meya kuliko sisi sote, na ndiyo maana nimesimama hapa mimi.

Lakini wale wawili walikuwa wamelala kwenye majani wakicheka.

"Umeniharibia sherehe, mjinga wewe!"

"Ungepiga vizuri."

"Nimepiga vizuri!"

"Najua. Mkono unaniuma mpaka begani."

Ndugu wageni waalikwa, tulikuwa tumemwandalia Bohdan zawadi ambayo hupewa mzee: goli la kuachiwa. Nani kati yetu alimheshimu zaidi? Sisi tuliochonga bilauri mapema, au kaka yake aliyemwona bado ni mshambuliaji wa kuogopwa, akaruka kwa mwili wake wote?

Kabla ya kusimama hapa nilimuuliza Bohdan kama turudishe bilauri kwa fundi ayafute maandishi. Akasema, "Yaache. Atakayeniuliza lilikuwa goli la namna gani, nitamtuma Dubnice akamuulize kipa."

Kwa hiyo, Ndugu Bohdan, kwa niaba ya Meya na watu wote wa Zálesná, pokea bilauri hii pamoja na kosa lake. Tunakushukuru kwa kila Jumapili uliyotufanya tuvuke uwanja. Na wewe, Ndugu Zbyněk, tunakushukuru pia, ingawa Mzee Kubát amesema bia yako leo utaingoja.

Nilikuwa na kurasa mbili zaidi. Lakini nilipoingia, Mama Šimůnková alinishika mkono pale mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, fupisha. Hakuna aliyefungwa. Bata yuko kwenye oveni, na leo sina sahani ya kufunika."

Basi nawashukuru kwa masikio yenu, na nawaomba msogeze viti, mama huyu na wanawe wawili wapate njia ya kwenda kula.