Hina ya Marehemu katika Diski

Mimi ni Mwalim bin Haji bin Makame wa Kidichi. Baba na babu yangu walisomesha Kurani, na neno lao halikutiliwa shaka. Nasimulia niliyoyasikia kwenye basi la Fumba.

Mbele yangu bibi mmoja alipakata boksi la mashine ya kuchomea diski, yaani ya kunakilia video humo. Kijana aliyeketi naye, fundi kwa kauli yake mwenyewe, akalisoma. "Shikamoo, Bi mkubwa. Hii yachoma DVD tu. Kama video yako ni ya HD, ile ya picha kali, itabanwa, picha ififie. Irejeshe, uchukue ya Blu-ray, diski zake zina nafasi kubwa."

"Marahaba. Ndiyo hiyo ya HD. Mle yumo mama yangu, anacheza harusini kwa mwanangu. Keshatutoka. Kwenye kompyuta naona mpaka mistari ya hina vidoleni mwake. Itapotea?"

"Itapotea. Nipe video, nkuchomee dukani kwangu."

"We! Mamangu mle hana ushungi!"

"Wallahi sitotazama."

"Sasa utajuaje kama imetoka vizuri?"

Fundi akaanza kulisoma boksi upya, na huo ndio ufundi pekee niliouona kwake. Nami nilipigwa na bumbuwazi. Subhanallah! Kisahani chembamba kiuhifadhi mkono wa marehemu, na hina yake ikolee vilevile!

Basi likasimama. Bibi akashuka na boksi lake kifuani, hajaamua.

Vijana mnaozijua mashine hizi, nakuamuruni: wafundisheni mama zetu kuchoma wenyewe, kisha tokeni chumbani.