Dionicia Layme Choque na Kizazi cha Jike Mweusi

Sogeeni karibu, ndugu zangu, mliosimama nyuma kule ukutani njooni mbele mkingane na upepo, akina mama nyamazisheni watoto, na nyie wanaume mnaotafuna majani ya koka tafuneni polepole, maana kifua changu hakina tena nguvu ya kushindana na midomo yenu, nataka kusema habari za mdogo wangu mara moja, kisha nikae. Najua na kinachonong'onwa tangu Jumatatu, wanyama wa Dionicia wanauzwa lini na nani atawanunua, jambo hilo ndilo lililomnyima marehemu usingizi hadi mwisho, nitalifikia, msinikimbize.

Marehemu Dionicia Layme Choque alizaliwa tarehe 3 Mei 1954, sikukuu ya Msalaba, hapa hapa Qochapata, akiwa mtoto wa nne wa mzee Anselmo Layme na mama Saturnina Choque, mimi Casimira nikiwa wa pili, niliyembeba mgongoni huku nachunga. Tarehe 15 Agosti 1957 alinyolewa nywele za utotoni kama anavyonyolewa kila mtoto wetu, na baba yake wa ubatizo, mzee Toribio, aliyekata fungu la kwanza, akampa alpaka jike, sufu yake nyeusi kama masizi ya chungu, na kwa kuwa mtoto ndiye mwenye kila kinachozaliwa na jike wake wa nywele, kizazi chote cha yule mweusi kikawa chake.

Shule alianza mwaka 1962 kule chini bondeni, akasoma majira mawili ya ukame, mwalimu akapanda mwenyewe kuja kumwomba baba asimtoe, akisema mtoto huyu ana kichwa, naye baba akamjibu, "Mwalimu, herufi zako haziliwi na mbweha, alpaka wangu wanaliwa, niachie mtoto," na hapo masomo yakaisha. Kuandika jina lake alikuwa anaandika, tena kwa maringo, herufi ya kwanza kubwa kama mlango wa zizi.

Kazi yake ilikuwa hii hii moja tangu hapo, kuamka kabla ya barafu kuyeyuka, kwenda na jembe kufungua maji yaenee malishoni, maana malisho ya majimaji usipoyagawia mifereji kila asubuhi yanakauka, halafu kuwatoa wanyama zizini, kukaa nao, kuwarudisha, kuokota kinyesi kikavu cha kuwasha jiko, na kesho yake vile vile, Krismasi vile vile, siku aliyofiwa vile vile. Wanyama aliwajua kwa sauti, alpaka hawasemi sana, wanaguna kwa ndani kama mtu anayetafuta wimbo, na yeye aliwajibu hivyo hivyo kwa pua, hata wageni wakadhani hana akili timamu.

Tarehe 12 Februari 1977 alifunga ndoa na Leoncio Yucra wa ng'ambo ya mlima, mtu mwema, ila alipenda alpaka weupe, kwa sababu wanunuzi wa sufu walitaka nyeupe tu, na kila msimu wa kukata sufu waligombana, Leoncio akisema, "Mke wangu, hawa weusi unawafugia nani, wachawi?" naye akimjibu, "Najifugia mwenyewe, we fuga weupe wako, tutaona baridi ikija utajifunika nini." Marehemu Leoncio alizikwa mwaka 2009 akiwa amefunikwa poncho nyeusi aliyoifuma mkewe, na hakulalamika.

Walijaliwa watoto watatu, Nicasio mwaka 1979, Edgar mwaka 1983, na Fortunata aliyechukuliwa na theluji kubwa akiwa mchanga, huyo hatumsemi sana. Wavulana walikua, Nicasio akaenda migodini, Edgar akawa dereva wa lori, kila walipopanda kumsalimu walimwambia, "Mama, uza, shuka mjini upumzike," naye aliwauliza, "Nikishuka, nani atafungua maji?" nao wakala viazi vyao, wakaondoka. Siwalaumu, wanangu, msiniangalie hivyo, ninasema ilivyokuwa. Alichoka mdogo wangu, magoti yalichoka, macho yalichoka kwa moshi, lakini kizazi kile kilikuwa kinamfuata nyuma kila asubuhi, angemkabidhi nani?

Mwaka 2020, masoko yalipofungwa kwa ajili ya ule ugonjwa, Edgar akamleta mkewe Nelida, muuza supu wa mjini Juliaca, akae kwa muda, na siku ya kwanza tu jike mmoja akamtemea mate ya kijani usoni, Dionicia akasema, "Karibu, mkwe, umeshasalimiwa." Februari iliyofuata, mtoto mmoja wa alpaka alikufa, na mwingine akafiwa na mama, Dionicia akamchuna yule aliyekufa, akampa Nelida ngozi amvalishe yatima, ili jike aliyefiwa anuse harufu ya mwanawe ampokee, kisha yeye akaenda kufungua maji. Aliporudi alikuta ngozi imefuliwa kwa sabuni, imeanikwa ukutani, safi kama shuka la hospitali, na jike anampiga yatima mateke. Dionicia alicheka mpaka akakaa chini, akisema, "Mama yangu, umemfulia maiti!" naye Nelida akalia, "Ilikuwa inanuka, mama mkwe, ningemvalisha mtoto kitu kinanuka?" Basi akamlea mwenyewe yule yatima, kwa chupa, kifuani mwake ndani ya blanketi, majira yote ya mvua, na masoko yalipofunguliwa Edgar akaja kumchukua, Nelida akamwambia, "Tangulia, huyu hajaacha kunyonya." Hakushuka tena.

Kikohozi kilimwanza marehemu mwaka 2022, mapafu, daktari akasema moshi na umri, akamkataza baridi, sasa baridi huku unaikwepea wapi. Tarehe 20 Novemba 2023, akijua siku zimepungua, akatuita wanawe na mimi, akasema, "Leteni mkasi," tukadhani anataka kukata sufu. Akamkalisha Nelida mbele yake, mwanamke wa miaka thelathini na minane, akamfungua msuko, akakata fungu, akalifunga kwa uzi mwekundu kama la mtoto wa miaka mitatu. Nicasio akasema, "Mama, huyu mkwe, hana nywele za utotoni hapa kwetu," mama yake akamjibu, "Alipozaliwa sikuwepo, namnyoa leo, nyamaza, na wewe kata fungu lako," na Nicasio akakata.

Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 29 Januari 2024, alfajiri, nyumbani kwake karibu na zizi, kichwa kikiwa mapajani mwangu. Tunamshukuru daktari wa zahanati na muuguzi aliyepanda kwa miguu barabara ilipokatika, majirani mliochimba udongo huu mgumu, wafugaji wenzake wote, Mungu awape nguvu. Pumzisha miguu, mdogo wangu, umetembea vya kutosha.

Jana tumegawana jikoni, nami natangaza ili kesho pasiwe na maneno. Nicasio amechukua kizazi cha jike wake wa nywele, anauza, ni haki yake. Edgar amepewa weupe wa baba yake na nyumba ya chini. Mimi nimepewa mbwa, mzee kama mimi, tutasukumana. Wale weusi wote, na maji, na malisho, ni vya Nelida, haviuzwi. Na mnaouliza mbona mkwe hakuja kuzika, huu ni msimu wa kuzaa, tai wanazunguka tangu asubuhi, majike wawili wamelala chini, amenituma niwaombe radhi, hana wa kumwachia.