Fundi Mikono Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sitawaambia mtulie, maana mtu tunayemkumbuka hakuwahi kutulia hata siku moja. Chai aliinywa amesimama. Simu aliipokea anatembea. Ukimpa kiti, anakushukuru vizuri kabisa, kisha anakiwekea mkoba wake, yeye anaendelea kuzunguka chumba.

Alikuwa fundi wa kompyuta. Ametutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na mji mzima ulimwita Mikono Nyuma.

Kwa nini Mikono Nyuma? Kwa sababu alikuja kutengeneza kompyuta yako akiwa ameishikanisha mikono nyuma ya mgongo, kama mkaguzi aliyekuja kukagua madaftari. Kibodi hakuigusa. Mausi hakuigusa. Unabonyeza wewe, yeye anasoma kilichoandikwa na kukuambia cha kufanya. Ukimwambia, "Fundi, si ufanye tu mwenyewe, mimi nina kazi," anakujibu, "Na mimi ninazo. Bonyeza."

Hata mimi yalinikuta, hapa hapa studio. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili kabla ya taarifa ya habari, na kompyuta yetu haitoi sauti. Ni kompyuta ya Linux, mfumo ule wa bure ambao yeye ndiye aliyetuelekeza kuuweka baada ya mashine kuzeeka na kuwa nzito. Nimechomoa waya, nimechomeka. Nimezima, nimewasha. Jasho linanitoka. Akaingia, mikono nyuma.

"Umeona nini?"

"Fundi, haina sauti."

"Hilo umelisikia. Nimeuliza umeona nini. Jana mlibadilisha nini humu ndani?"

Nikafikiri. Nikamwambia tumeleta skrini mpya.

"Haya. Basi sauti imehamia kwa mgeni. Fungua mipangilio, ingia kwenye sauti, nisomee inatokea wapi."

Nikasoma. Kompyuta ilikuwa inapeleka sauti kwenye skrini mpya, skrini yenyewe haina hata spika moja. Nikachagua spika zetu na muziki ukarudi. Akatazama saa ya ukutani akaniambia, "Usingezima mara tatu bila kusoma kitu, ungepata muda wa kunawa uso." Nilikasirika, sitawaficha. Lakini tangu siku ile sijamwita mtu kwa tatizo la sauti.

Karani wa masjala wa kituo cha afya naye ana lake. Kompyuta yake kila asubuhi ilikataa kufungua kurasa za mtandao. Wakalaumu waya, wakalaumu kampuni ya mtandao, wakalaumu mvua. Mikono Nyuma alipofika akamwambia, "Nisomee tarehe hapo juu kwenye kona." Karani akasoma, akashangaa. Kompyuta iliamini ni miaka kumi na miwili iliyopita. Betri ndogo ya ndani, ile inayotunza saa, ilikuwa imekufa, na kurasa za mtandao hazimwamini mtu asiyejua leo ni lini. Karani yule kichwa chake hakina unywele. Fundi akamtazama akasema, "Mashine yako inakuheshimu. Inaamini bado unachana nywele."

Mcheshi, eh? Ndivyo tulivyomjua. Mwenye kovu usidhani kapoa, wasikilizaji wapendwa. Sasa sikilizeni kovu lenyewe. Dada yake, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenisimulia wiki hii, na ndiye aliyesema nisifiche hata neno.

Walizaliwa wawili tu, huyu mwalimu na huyu fundi. Mama yao alipoanza kudhoofika, mwalimu alikaa naye miaka miwili akiandika maisha yake kwenye kompyuta, neno kwa neno, kama yalivyotoka kinywani mwake. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kisha mama akafariki. Ile kazi ikawa ndiyo mama aliyebaki.

Miaka kumi na minane iliyopita, kompyuta ya mwalimu ilianza kuganda. Mdogo mtu akasema, "Dada, niachie mimi, nakuwekea Linux, itakimbia." Wakafanya kama inavyopasa. Kurasa za mama wakazihamishia kwenye diski ya nje, wakafuta kompyuta yote, mdogo mtu akaanza kuweka mfumo mpya kwa flashi. Katikati ukagoma, flashi ilikuwa na kasoro. Akatoa kompyuta yake ya mkobani ili aiandike flashi ile upya, na papo hapo ile diski ya mama ikawa imechomekwa pembeni, alikuwa amemaliza kuihakiki. Kwenye skrini kukawa na mistari miwili ya kuchagua kipi kifutwe na kuandikwa upya, diski juu, flashi chini. Naye alikuwa na haraka, sikuzote alikuwa na haraka. Akachagua mstari wa juu, ule wa diski ya mama. Akabonyeza.

Mwalimu alirudi kutoka jikoni na vikombe viwili vya chai. Akamkuta mdogo wake amesimama wima, vidole bado vi juu ya kibodi.

"Ondoa mikono yako hapo," mwalimu alimwambia. Halafu akamwambia, "Mama amekufa mara ya pili, na safari hii ni mikononi mwako."

Mwalimu ameniambia, "Nilimaanisha. Usije ukasema redioni kwamba yaliniponyoka tu. Nilimaanisha kila neno."

Basi. Toka siku ile, miaka kumi na minane, fundi hakugusa tena kibodi ya mtu mwingine. Yake nyumbani aligusa. Ya mwingine, hapana. Sisi tulidhani ni mbinu ya kutufundisha, wengine wakadhani ni maringo. Kumbe alikuwa anatii.

Na kutulia ndiyo hakutulia tena. Ile diski mwalimu aliitupa kwenye pipa la taka. Mdogo mtu akaiokota. Mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu ya sehemu tu ya diski. Yaliyobaki chini yake yalikuwa bado yapo, lakini yamesambaratika, vipande maelfu kwa maelfu visivyo na majina, namba tupu. Akavichimbua. Akavisoma kimoja kimoja, hiki ni orodha ya wanafunzi, hiki ni barua, hiki, subiri, hiki ni mama anasimulia alivyojifunza kushona. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Yeye aliyazoa kwa kijiko. Baada ya miezi kumi na minne alikuwa na kurasa mia moja na sitini na tatu. Akazichapa, akazipeleka kwa dada yake, akagonga mlango.

Mwalimu alimsikiliza akiwa ndani, mlango umefungwa. "Sitaki makombo," akajibu.

Kuanzia hapo walikutana kwenye shughuli za ukoo tu, wakasalimiana kama wapangaji. Shikamoo dada. Marahaba. Yamekwisha. Kurasa zile akaziweka kwenye flashi, flashi akaifungia mfukoni mwa mkoba, na popote alipokwenda akawa nayo. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na karani wa masjala aliwahi kumsikia akikisema: dada yake amruhusu tena kuandika.

Mwaka jana, wasikilizaji wapendwa, kompyuta ya mwalimu ikagoma kwa namna ya ajabu. Unaandika neno lako la siri. Inalikubali. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha inakurudisha pale pale, andika neno la siri. Unaandika tena. Inakubali tena, inakurudisha tena. Mwalimu alizunguka humo siku mbili. Akaita fundi wa jirani, kijana wa watu akatazama kidogo, akasema, "Mama, hii dawa yake ni kufuta yote tuanze upya."

Kufuta. Mwalimu anasema neno lile alilijua. Akamlipa nauli yule kijana, akamuaga kwa adabu, akachukua simu. Namba ya mdogo wake alikuwa hajawahi kuipiga, lakini alikuwa hajawahi kuifuta pia.

"Usizime kitu," mdogo mtu alimwambia. "Nakuja."

Alifika amevaa viatu viwili visivyofanana. Akasimama nyuma ya kiti, mikono nyuma.

"Umeona nini, dada?"

Mwalimu akaeleza.

"Kama inalikubali neno la siri, basi mlango haujafungwa. Ndani ndiko hakuna pa kukaa. Diski imejaa." Akamwelekeza abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, lile dirisha jeusi la maandishi matupu likafunguka, akaingia kwa njia hiyo. Akamtajia amri herufi kwa herufi, ya kuonyesha ni nini kimekula nafasi. Mwalimu akaandika kwa kidole kimoja. Majibu yakaja. Karibu diski yote ilikuwa imeliwa na folda moja.

Folda ile iliitwa Mama.

Mikono Nyuma aliuliza, "Dada, humu mna nini?" Na mwalimu, mwanamke aliyefundisha miaka thelathini na minne bila kutetemeka mbele ya darasa, akashindwa kugeuka kumtazama. Ndani mlikuwa na sauti yake mwenyewe. Miaka sita alikuwa anajirekodi, kidogo kidogo, akisimulia upya yale aliyoyakumbuka kwa mama. Alichokikataa mlangoni alikuwa anakitafuta peke yake, tena kwa kumbukumbu inayochoka.

"Umefika ukurasa wa ngapi?" mdogo mtu akauliza.

"Sijui. Kuna mahali pengi nimesahau. Alivyojifunza kushona, kwa mfano. Sikumbuki alifundishwa na nani."

"Ninayo hiyo," alisema. Akatoa flashi mkobani.

Mwalimu aliichukua, akaichomeka mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Folda ile ilihitaji kuhamishwa ili kompyuta ipumue. Fundi alikuwa na diski mpya ya nje, na diski ile ilibidi iandaliwe kwanza. Kuiandaa maana yake ni kuifuta. Kwenye skrini mistari ikawa miwili, diski mpya na flashi, kama siku ile. Fundi akasema haraka, "Chomoa flashi kwanza, dada. Tafadhali ichomoe."

Mwalimu akasimama. Akamsogezea kiti.

"Iache hapo hapo. Andika wewe."

"Dada, siwezi."

"Andika, mdogo wangu. Nakuangalia."

Nyumbani alikuwa na nakala nne za kurasa zile. Alijua hivyo, lakini mikono haijui hesabu. Mwalimu anasema aliitoa nyuma ya mgongo polepole. Akaketi. Sikilizeni, aliketi. Akasoma mstari kwa sauti, akausoma tena, akamwambia dada yake ausome, akausoma mara ya tatu. Akabonyeza. Diski mpya ikaandaliwa, folda ikahamia, kompyuta ikawashwa upya, neno la siri likaandikwa, na safari hii ikafunguka. Flashi ilikuwa salama, kurasa mia moja na sitini na tatu. Wakalia wote wawili mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo alikwenda kwa dada yake kila siku. Mmoja anasoma, mmoja anaandika, wanabishana mama alisema hivi, hapana, alisema vile. Mashimo yaliyobaki wakayaziba kwa rekodi zile za mwalimu. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na nane hivi wakati moyo wake uliposimama, asubuhi, amesimama jikoni na kikombe mkononi. Kutoka siku ya kile kiti mpaka asubuhi ile ilikuwa miezi mitatu.

Miezi mitatu, wasikilizaji wapendwa, kati ya miaka kumi na minane.

Nilimuuliza mwalimu ana neno gani kwenu. Akasema, "Nilingoja arudi kugonga mara ya pili. Yeye alingoja nimwambie andika. Ni neno moja. Nilikuwa nalo siku ile ile nyuma ya mlango, na nililisikia likitaka kutoka."

Kwako mwalimu, kwa shangazi, binamu na ukoo wote, sisi wa kituo hiki tunawapa pole kutoka moyoni. Msiba huu ni wetu pia, maana hata sauti hii mnayoisikia inatoka kwa mkono wake, ingawa kibodi yetu hakuigusa. Zile kurasa kumi na nane mwalimu anaendelea nazo. Ametuletea nakala tuitunze hapa studio, na anaomba atakayekumbuka lolote alilowahi kulisikia kwa mama yao aje amsimulie.

Nanyi mnaonisikiliza, mmesimama au mmekaa, yuko mtu mliyemwambia aondoe mikono yake. Namba yake mnayo, hamjaifuta. Msingoje diski ijae.