Marehemu Audax Kamugisha na Mchezo wa "Madamu Karudi"

Audax Kamugisha, ambaye leo tunamuaga hapa Ruwi, Maskati, kabla hajasafirishwa kwenda kuzikwa Kamachumu, alizaliwa huko huko Kamachumu tarehe 9 Machi 1978. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Deogratias na Mama Paskazia.

Alisoma sekondari mjini Bukoba. Mwaka 1995 walimu wake waliigiza komedi ya Kiingereza kuhusu mtumishi anayejifanya mwenye nyumba mabosi wakiwa safarini. Audax, aliyepewa kazi ya kuvuta pazia, alicheka hata akasahau kulifunga, na walimu wakabaki jukwaani hawajui pa kwenda. Baadaye alikiomba kitabu cha mchezo huo, na hakuachana nacho tena.

Alifunga ndoa na Adventina tarehe 16 Septemba 2006, wakajaliwa Datius na Kokushubila. Mwaka 2011 alikuja Maskati kuwa dereva wa familia ya Bwana Majid na Bi Buthaina, Al Khoudh. Ndani ya gari, akisubiri watoto wao watoke shule, aliitafsiri komedi ile kwa Kiswahili, akaiita "Madamu Karudi".

Waigizaji tulikuwa wadada saba wa kazi za ndani. Siku zetu za mapumziko hazikulingana, basi Audax alirekodi kila nafasi kwa sauti yake, akatutumia kwa WhatsApp, nasi tukajifunza huku tunapiga pasi. Katika rekodi zile alikuwa akikohoa. Tulidhani kikohozi ni sehemu ya mchezo, tukakishika kama kilivyo. Ijumaa ya tarehe 10 Novemba 2023, katika ukumbi wa hapa Ruwi, wote saba tulikohoa, kila mmoja mahali pake, na watu walicheka mpaka machozi. Tulipoujua ukweli tulitaka kukiondoa, Audax akakataa.

"Kiacheni," alisema. "Kinachekesha kuliko maneno yangu."

Mara ya pili, Mei 2024, Bi Buthaina alikuwepo. Ukumbi mzima ulicheka, yeye hakucheka. Alimfuata nyuma ya jukwaa.

"Audax mwanangu, kikohozi hichi nakisikia garini kila siku. Nna khofu nacho. Kesho twende hospitali."

Audax alimwomba subira mpaka onyesho la Oktoba lipite. Lazima lisemwe hapa: aliyemsihi asituache kabla ya Oktoba ni mdogo wake Anjelina, anayesoma wasifu huu.

Tuliigiza tarehe 25 Oktoba. Wiki iliyofuata madaktari walimkuta na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Siku za mwisho hakuweza kusema. Kwa ishara aliomba apigiwe rekodi moja, na ilipofika kwenye kikohozi alitabasamu. Mimi sikuweza. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, mdogo wake mmoja, na sauti yake ndani ya simu saba. Tangu afariki, hakuna kati yetu aliyethubutu kuifuta, wala kuisikiliza.

Kaka, kifua chako kipumzike kwa amani.